Mtoto Si Samaki

Shemeji yangu ana alama ya meno kwenye mkono wa kulia, chini kidogo ya kidole gumba, na watu wa ufuoni wakimwuliza anasema aliumwa na mamba. Wanamwamini, kwa sababu ziwa letu lina mamba na yeye ni mtu wa kuingia majini bila kufikiri. Lakini mamba mwenyewe ni mimi. Meno ni yangu, yale mawili ya mbele yenye mwanya, na kama kesho atarudia alichotaka kufanya siku ile, nitamng'ata tena pale pale.

Mimi na dada yangu kazi yetu ni kupasua samaki. Ufuo wetu uko Seme, ukishuka kutoka Kombewa mpaka barabara iishie majini. Mashua zikifika asubuhi, wanawake tunazunguka meza ya simiti, kila mtu na kisu chake. Unamshika mbuta kwenye shavu, unaingiza kisu chini, unavuta mpaka kidevuni, na matumbo yanatoka yenyewe kama watu waliofungiwa kanisani kwa mahubiri marefu. Damu inaingia mpaka kwenye nywele. Na usidhani ni mahali pa upole. Kwenye meza hiyo nimeona mwanamke akimpiga mwenzake kwa mkia wa mbuta mpaka jino likaruka, halafu wote wawili wakainama kulitafuta kwenye magamba huku wakicheka. Mimi napapenda. Nikiwa napasua huwa naota hoteli yangu ya samaki pale Kisumu, yenye madirisha ya vioo na taa za rangi, wateja wamejipanga mpaka barabarani. Dada yangu alikuwa akiniambia, "Ota, lakini angalia vidole."

Shemeji, mume wa dada, kazi yake ilikuwa barafu. Anavunja mabonge kwa nyundo, anapanga samaki kwenye maboksi, safu ya samaki, safu ya barafu, anapakia kwenye pikapu ya tajiri wake iende Kisumu. Ana mabega kama mlango. Kwake dunia ina vitu viwili tu: vilivyo ndani ya barafu, na vinavyooza. Ukimletea samaki aliyepasuliwa ambaye amekaa juani kidogo, anakuzomea kama umemwua mama yake.

Uchungu ulimshika dada akiwa hapo mezani, kisu mkononi. Alikuwa mdogo bado, mimba yake ya kwanza, na tumbo lake hata halikuwa kubwa. Nilimwondolea kisu, tukapanda mlima polepole mpaka zahanati, mimi nikimwimbia nyimbo za kipuuzi ili acheke. Alicheka mara mbili. Baadaye hakucheka tena.

Mtoto alizaliwa akilia kwa nguvu, wa kiume, sauti kama ya kuitia watu ng'ambo ya ziwa. Nilipiga kigelegele. Halafu nikaona mikono ya sista, nesi aliyekuwa akimzalisha dada, imesimama hewani. Nikasogea.

Kando ya kitovu, upande wa kulia, palikuwa na tundu. Dogo, yai la kuku lisingepita. Na kupitia hapo matumbo ya mtoto yalikuwa yametoka nje, yote, mekundu, yanang'aa, yamejikunja juu ya tumbo lake kama kitu kilichomwagwa. Mimi nimeona matumbo maisha yangu yote. Nayajua ya ngege, ya mbuta, ya kamongo. Lakini sijawahi kuona matumbo yanayosogea huku mwenyewe analia na kurusha mateke. Nilishika ukingo wa kitanda.

"Nini?" dada akauliza. "Mbona hamnipi?"

Alijiinua kwa viwiko akaona. Ule mlio alioutoa, hata leo nikiukumbuka kisu kinaniteleza. Akaanza kujipiga. Kwa ngumi, tumboni mwake mwenyewe, pale alipotoka mtoto, "Nimefanya nini! Nimefanya nini!" mpaka nikamlalia mikono.

"Hujafanya kitu," sista akasema. "Mshike vizuri. Hii wengine wanazaliwa nayo. Kisumu wanaitengeneza."

Sista alikuwa mwanamke mnene, wa maneno machache, mikono haitetemeki. Alimpitishia mtoto mpira mwembamba puani. Alichukua mfuko mpya wa maji ya dripu, akaukata kwa mkasi, akamwingiza mtoto miguu na tumbo humo ndani, akaufunga chini ya makwapa, matumbo yakabaki yanaonekana kama nyuma ya dirisha. Akamzungushia leso, akamvalisha kofia, akanikabidhi.

"Sikia, mamii. Usirudishe kitu ndani kwa mkono. Mlaze kwa ubavu wa kulia. Na asipate baridi. Akipoa, hatafika Kisumu. Nimepiga simu, pikapu ya samaki inakuja. Kaa pale kwa benchi, jua linapoingia."

Akageukia kitanda haraka, kwa sababu damu ya dada yangu ilikuwa imeanza kudondoka sakafuni, na haikuwa inadondoka kidogo.

Basi nikakaa kwenye benchi la veranda na mpwa wangu. Alinikazia macho. Nikamwambia, "Wewe, hoteli ikifunguliwa wewe ndiye meneja," akapiga chafya. Nikaona huyu ni mtu wa kuishi.

Mama mkwe wa dada ndiye aliyefika kwanza, na thamosi ya uji. Kila mtu pale humwita Dani, yaani nyanya. Aliweka mguu kwenye veranda akiimba. Nikafunua leso kidogo. Wimbo ukakatika.

"Chira," akasema.

Chira ni ile laana inayompata mtu akivunja mwiko wa nyumbani, na ukishasikia neno hilo limetajwa juu ya mtoto, jua kuna mtu anatafutwa wa kubeba lawama.

"Nilimkataza!" Dani akapaza sauti. "Nilimwambia mwanamke mwenye mimba hapasui tumbo la kitu! Yeye kila siku kisu, kisu! Sasa matumbo ya samaki yamekuja kumtafuta. Mlete hapa. Mtoto wa namna hii hapelekwi popote. Anawekwa kando, anaachwa aende polepole."

"Aende wapi, Dani?"

"Alikotoka."

Akanyoosha mikono. Nikamgeuzia mgongo. Akanishika nywele. Sikuweza kutumia mikono, ilikuwa na mtoto, kwa hiyo nikatumia makalio, nikamsukuma nayo, akayumba, akarudi na thamosi. Alinipiga nayo kichwani. Thamosi ya chuma, imejaa uji. Nilisikia kengele. Uji ukamwagika shingoni, wa moto, ukashuka mgongoni ndani ya nguo, na mimi nikajikunja juu ya mtoto kama kobe, nikipiga kelele, "Piga! Piga kichwa, kichwa ni changu!"

Ndipo shemeji akafika mbio. Alikuwa ameambiwa ufuoni kwamba mtoto amezaliwa na matumbo nje, tena aliambiwa kwa kelele, watu kumi kwa mara moja. Begani alikuwa na lile boksi lake la barafu, la plastiki ngumu. Alimtoa mama yake kwa mkono mmoja kama anayefungua pazia. Nikafurahi. Nikasema huyu sasa amekuja kutuokoa.

Akaweka boksi chini, akafungua kifuniko. Barafu mpya, ameivunja vizuri, amechimba shimo katikati, ametandika gunia safi.

"Mlete," akasema. Alikuwa analia. "Haraka, shemeji. Jua kali hivi, yataoza."

"Hapana! Sista amesema baridi hapana!"

"Sista anajua nini na matumbo? Kitu imepasuka inakaa kwa joto? Leta mtoto yangu!"

"Baridi itamwua!"

"Joto ndiyo inaua!"

Shule yangu iliishia kidato cha pili, na hakuna mahali tulifundishwa jambo hilo. Nilikuwa na neno moja la sista tu, na yeye alikuwa na maisha yake yote ya ufuoni. Alinikamata bega, akapitisha mkono wa pili chini ya leso. Nilimpiga teke kwenye mfupa wa mguu. Hakuhisi kitu. Nikampiga kwa kichwa, kile kile cha thamosi, kikagonga kidevu chake, damu ikamtoka mdomoni, bado mkono unaingia, mkono mkubwa wa baridi wenye harufu ya barafu, umeshamgusa mtoto, na mtoto akaruka kwa ile baridi. Nikauma.

Niliuma kama mtu aliyefunga siku tatu. Nikasikia ngozi ikiachia. Alinguruma, akanizaba kofi la mkono wa kushoto, sikio likalia, pua ikafunguka, lakini sikuachia. Dani kwa nyuma ananivuta gauni, gauni linararuka. Boksi likapinduka, barafu ikatawanyika veranda nzima, tukawa tunateleza watu watatu, tunaanguka na kuinuka, mimi mtoto nimemwinua juu, damu yangu na uji na maji ya barafu yananitiririka, na mdomoni nina mkono wa baba yake.

Sista alitoka na glavu nyekundu mpaka kwenye kifundo cha mkono. Alimzaba shemeji kofi moja tu, na lile kofi lilikuwa na damu ya mke wake. Likamwachia vidole vitano vyekundu shavuni.

Dani akaachia gauni langu. Hata mimi niliachia.

"Mtoto si samaki," sista akasema. "Samaki amekufa, ndiyo unamwekea barafu. Huyu yuko hai. Aliye hai anahitaji joto. Kwani wewe ukigonjeka, mama yako hukuweka kwa boksi?"

Shemeji akatazama barafu sakafuni.

"Mke wangu?"

"Nimemzuia damu. Ataishi." Akamtazama mtoto, akamgusa shingo, akanigeukia mimi. Nilikuwa nimelowa chapachapa. "Wewe umekuwa baridi tayari. Huwezi kumbeba." Akamgusa shemeji kifua. Kilikuwa kinapanda na kushuka, kinafuka kama jiko. "Wewe ndiye unawaka. Vua shati."

Akavua. Sista akamlaza mtoto kwenye kile kifua, ubavu wa kulia, mfuko wake na yote, akawafunga pamoja kwa leso na sweta lake mwenyewe. Yule mtu wa barafu akasimama hapo, mikono haijui iende wapi, mkono mmoja unadondosha damu.

"Usipumue kwa nguvu," akamwambia mtoto, ingawa mwenye kupumua kwa nguvu alikuwa yeye.

Pikapu ilikuja. Dereva alitutazama, damu, uji, gauni lililoraruka, akauliza, "Wezi wamekuja?" Nilitupa lile boksi nyuma pamoja na samaki kwa sababu ni la tajiri, tukaenda. Njia nzima shemeji hakuinua uso. Alikuwa ameinamisha kidevu juu ya kofia ya mtoto, kidevu kile nilichokigonga, na jasho lilikuwa linamtoka kama mtu anayevuta nyavu peke yake.

Hospitali kubwa ya Kisumu walitupokea. Nesi akampima mtoto joto, akatikisa kichwa akisema, "Nani alimbeba?" Shemeji akajificha nyuma yangu. "Amembeba vizuri," nesi akasema.

Daktari wa upasuaji alikuwa binti mdogo wa mwili, ukimweka kando ya mbuta mkubwa unaweza kubishana nani mzito. Alitueleza kwamba mtoto akiwa tumboni mwa mama, ukuta wa tumbo lake mwenyewe haukufunga mahali pamoja. Si kisu, si samaki, si mwiko, si mtu. "Ukuta haukufunga," akarudia, na nikaomba ayaseme maneno hayo tena ili nimpelekee dada. Sasa kwa sababu lile tumbo halijazoea kubeba kitu, daktari hawezi kusukuma yote ndani mara moja, atamnyima pumzi. Akayaweka matumbo ndani ya mfuko wa plastiki angavu, akaufunga kwa uzi juu ya kitanda cha joto, ukaning'inia. Kila siku anakuja, anaukamua kidogo kutoka juu, kidogo, matumbo yanashuka nyumbani kwao.

Nimesema mimi ni mtu wa visu. Lakini kumtazama mtu akimkamua mtoto wa siku chache, mtoto anageuka rangi ya zambarau, mdomo wazi, kilio hakitoki kwanza halafu kinatoka chote, hilo lilinishinda. Nilikuwa nauma gauni langu. Siku ya pili shemeji alimrukia daktari, akamkamata mkono.

"Unamwua!"

Daktari hakuvuta mkono. Alitazama lile donda lililofungwa bandeji.

"Baba, nani alikuuma?"

"Mamba."

"Basi keti, nisije nikawa wa pili."

Akaketi. Chini kabisa, sakafuni.

Dada aliletwa alipopata nguvu, akawa analala kwenye chumba nilichopanga Migosi, mtaa wa hapo Kisumu, na kuja wodini asubuhi. Maziwa yalimjaa mpaka nguo zinalowa, lakini mtoto haruhusiwi hata tone. Kupitia ule mpira wa puani yalikuwa yanatoka maji ya kijani, na daktari alisema mpaka yaache, na mpaka mtoto apate choo, hatutajua kama matumbo yanafanya kazi. Yanaweza kuwa ndani yote, yameshonwa vizuri, na bado yamelala. Yakilala moja kwa moja, basi. Kwa hiyo dada anakamua maziwa ukutani huku mtoto anamlilia njaa mbele yake. Sijui kama kuna kipigo kinachozidi hicho. Mimi nilipigwa thamosi, nasema hakuna.

Siku moja wakamaliza kuyashusha, wakafunga lile tundu. Tukaanza kungojea mavi. Samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tuliamka tunayangojea, tunasali kwa ajili yake. Dani alikuja kutoka Seme na ile thamosi, imebonyea ubavuni mfano wa kichwa changu. Akanimiminia uji bila kunitazama.

"Kichwa chako kigumu, nyako, wewe msichana," akasema. "Thamosi haikai moto tena."

Ndiyo ilikuwa pole yake. Nilikunywa vikombe viwili.

Kitanda cha jirani aliletwa mtoto mwingine wa namna ile ile, msichana, kutoka upande wa Pap Onditi. Alifika amenyamaza. Wakamzungushia joto, wakahangaika, mama yake akisimama mlangoni na viatu visivyofanana. Haikuchukua muda. Nesi akamfunika uso. Shemeji alikuwa amesimama pale, akauliza kwa sauti ndogo huyo alikuwa na nini zaidi.

"Hakuwa na zaidi," daktari akasema, anavua glavu. "Amefika akiwa baridi sana."

Shemeji akatoka nje. Nikamfuata kwa sababu niliujua uso ule. Uani, kando ya ukuta, lile boksi la barafu, alilolishusha kwenye pikapu siku ile, lilikuwepo bado. Alikuwa analikalia kila siku kama kiti. Akaokota jiwe kubwa la kuzuilia geti, akaliinua kwa mikono miwili, akalishusha. Plastiki ikapasuka kwa mlio wa bunduki. Akalishusha tena. Watu wakakimbia. Lile povu jeupe kavu la ndani likaruka vipande, upepo wa ziwa ukavichukua kama manyoya ya yangeyange, na yeye anapiga, anapiga, "Ningemweka humu! Ningemweka humu!" kila neno na jiwe, vidole vinachubuka, damu kwenye plastiki, boksi limeisha na bado anapiga saruji.

Askari wawili wa geti wakamvamia. Mmoja alimpiga rungu la mgongo, mwingine akamkaba shingo. Akaanguka kifudifudi, mmoja akamkalia. Mimi nikavua ndara. Sitasema niliwapiga wapi, lakini yule wa pili alishika jicho. "Mwacheni! Ni boksi lake la kazi! Amekosea nini kwenu?" Nikashikwa nywele kwa mara nyingine mwezi huo.

Hapo hapo dirisha la wodi likafunguka. Dani akatoa kichwa na mabega, kitambaa kimemvuka, mkononi ameshika nepi ameinyoosha juu kama bendera.

"Nyathi osepielo!" akapiga ukelele ambao nadhani ulifika mpaka sokoni. Kisha, ili hata wasiojua Kijaluo wasikose, "Mtoto amekunya! Amekunya sana!"

Askari aliyenishika nywele akasimama. "Nini?"

"Amekunya," nikamwambia, na nikaanza kulia na kucheka, damu na kamasi pamoja. "Mpwa wangu amekunya!"

Yule aliyemkalia shemeji aliondoka mwenyewe. Sijui kama alielewa au alitishika. Shemeji akainuka na vipande vya povu kwenye nywele, akapita mlangoni, hakuna aliyemzuia. Nilipofika wodini, dada alikuwa amekaa sakafuni akicheka bila sauti, na yule bwana mkubwa ameishika ile nepi kwa mikono yote miwili iliyochubuka, ameinusa, anamwonyesha daktari, anamwonyesha kila mama. Ilikuwa nyeusi na yenye kunata kama lami. Mimi pua yangu imelelewa na matumbo ya mbuta, lakini ile harufu niliivuta mpaka chini.

Kesho yake mtoto alipewa maziwa ya mama yake kwa sindano isiyo na ncha, tone, tone. Alimeza kwa hasira, kama anayetudai.

Siku hizi anatambaa, tena kwa kasi. Kitovu hana hasa, ana kovu lililojikunja tu mahali pake, na Dani ndiye anayewafokea watoto wa jirani wakilicheka. Shemeji bado anapanga barafu, dada bado anapasua, mimi bado naota, sasa hoteli ina ghorofa. Wiki iliyopita mtoto aliota meno mawili ya mbele, yana mwanya. Baba yake alimpokonya kichwa cha omena, dagaa wa ziwa letu, alichookota chini, akamwinua, na yule akageuka akamng'ata mkono wa kushoto, ule uliokuwa mzima.

"Shemeji!" akaniita, amenyoosha mkono, damu kidogo, uso wote meno. "Njoo uone! Mamba mwingine!"